MIGUU INAUMA KESHO YAKE: TUFANYE NINI?

Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima wa kata, mbele ya wahitimu wa kisomo walipokutana kuanza tena mazoezi ya mbio. Tunayachapa ili vikundi vingine navyo viyasome na kuyajadili.



 

Leo sikuja na chaki. Nimekuja kuzungumza juu ya miguu.

Mnakumbuka mwaka jana mwezi wa Juni. Tulikuwa tumemaliza kuvuna. Tulikaa chini ya mti huu huu, tukakubaliana kwamba kituo chetu kitatoa timu ya mbio siku ya Kisomo Duniani, tarehe 8 Septemba. Siku ya kwanza tulifika watu 24. Tulikimbia kutoka hapa shuleni mpaka mtoni, tena bila kupumzika. Tulicheka sana. Wengine waliimba.

Siku ya tatu tulikuwa watu watano.

Wale wengine walikuwa wapi? Niliwapitia nyumbani mmoja mmoja. Mzee mmoja alikuwa ameshika ukuta akitaka kukaa kwenye kigoda, na kukaa hawezi. Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, nimetupiwa kitu. Haiwezekani miguu yote miwili iume siku moja." Mwingine alikuwa amemeza vidonge vya maumivu mara sita tangu asubuhi, na tumbo limeanza kumchoma. Na mama mmoja, ambaye yuko hapa nasi leo na amenipa ruhusa nimtaje bila jina, aliniambia kwamba ana maumivu mahali pamoja tu, mguu wa kushoto, chini ya goti.

Mimi niliwajibu wote jibu moja. Nilisema, "Mtazoea."

Ndugu zangu, jibu lile lilikuwa sahihi kwa wengi. Kwa yule mama lilikuwa kosa. Ndiyo maana leo, kabla hatujakimbia hata hatua moja, nataka tuelewane.

MAUMIVU HAYA NI KITU GANI?

Nianze na jambo mnalolijua kuliko mimi. Kiangazi kikiisha, mvua ya kwanza ikinyesha, unachukua jembe unakwenda shamba. Siku ile unalima vizuri. Jioni umechoka tu. Lakini kesho yake asubuhi mgongo, mabega na mapaja yanauma. Kesho kutwa ndiyo yanauma zaidi. Je, unasema umetupiwa kitu? Hapana. Unasema, "Mwili umelala muda mrefu, jembe limeuamsha." Baada ya siku chache maumivu yanakwisha, nawe unalima mpaka mwisho wa msimu bila kuyaona tena.

Maumivu ya mbio ndiyo hayo hayo.

Mtu atauliza: "Sisi ni wakulima, tuna nguvu. Kwa nini mbio zituumize?" Swali zuri. Jembe limezoeza mikono, mabega na mgongo. Kutembea kumezoeza miguu kwa kazi ya kutembea. Kukimbia ni kazi nyingine. Katika mbio miguu yote miwili huacha ardhi, kisha unatua kwa mguu mmoja na uzito wote wa mwili. Misuli ya paja na ya shavu la mguu lazima iupokee uzito ule na kuuzuia.

Na mkishuka mlima, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki. Inajikaza ili usianguke, na papo hapo inavutwa irefuke. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoumiza misuli kuliko nyingine. Nyuzi ndogo ndogo za msuli huchanika kidogo, machaniko madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Mwili unaanza kuzitengeneza. Wakati wa matengenezo hayo ndipo unapohisi maumivu, na msuli unakuwa mgumu.

Sasa fikirini mwaka jana tulifanya nini. Siku ya kwanza kabisa tulishuka mlima mpaka mtoni, tena mbio! Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyechagua njia.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba maumivu haya yanaletwa na asidi inayobaki kwenye misuli. Sasa inajulikana kwamba sivyo. Asidi ile huondoka kwenye misuli muda mfupi baada ya kupumzika, kama saa moja au mbili hivi. Maumivu yetu hayaji saa ile. Yanakuja kesho yake.

Shikeni hesabu hii. Maumivu ya kawaida huanza kati ya saa 12 na saa 24 baada ya mazoezi. Hukolea siku ya pili au ya tatu. Kisha hupungua. Kwa kawaida ndani ya siku tano mpaka saba yamekwisha.

Kuna habari njema pia. Msuli ukishatengenezwa, unastahimili zaidi. Ukirudia kazi ile ile baada ya wiki moja au mbili, maumivu yanakuwa madogo kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo yule anayeacha siku ya tatu amelipa gharama yote, na faida hakuipata.

UKISHAUMWA, UFANYE NINI?

Kwanza, usilale kitandani kutwa. Tembea polepole. Chota maji, fagia uwanja, nenda dukani kwa miguu. Mwendo mwepesi hulegeza ile hali ya kukakamaa. Lakini usikimbie kwa nguvu mpaka maumivu yamepungua.

Pili, unaweza kukandwa taratibu kwa mikono, au kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Husaidia kidogo, na mtu hujisikia nafuu. Lakini asije mtu akakukandamiza mpaka ukalia. Hiyo inaumiza nyuzi zilizokwisha kuumia. Na mahali palipovimba baada ya kuteguka, usipakande kwa maji ya moto.

Tatu, kula. Mwili ni kama fundi, hauwezi kujenga bila vifaa. Vifaa vya misuli tunavyo hapa hapa: maharage, kunde, dagaa, mayai, maziwa, karanga. Ugali peke yake hautoshi. Kunywa maji safi kila unaposikia kiu, na zaidi siku ya jua kali.

Nne, lala usiku wa kutosha. Matengenezo mengi ya mwili hufanyika usingizini.

Tano, angalieni sana vidonge. Najua dukani vinauzwa kama pipi. Diklofenaki na ibuprofeni, vikitumiwa ovyo, vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kama mwili umepungukiwa maji. Parasetamo ikizidi kipimo inaharibu ini. Tena vidonge huficha maumivu. Ukimeza ili ukimbie, unakimbia bila kujua mguu unasema nini. Ukiona huwezi bila dawa, nenda zahanati ukaeleze, upewe kipimo chako.

Wengine wameniuliza juu ya kujinyoosha viungo. Si vibaya. Lakini hakuzuii sana maumivu haya. Kinachoyazuia ni kuanza kidogo na kuongeza kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

MAUMIVU YASIYO YA KAWAIDA

Sasa nakuja kwenye habari ya yule mama.

Yeye hakuacha mazoezi. Alikuwa na moyo kuliko sisi sote. Nilipomwambia "Utazoea," aliniamini, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Mwezi wa Julai alikuwa anaumwa akikimbia tu. Mwezi wa Agosti alikuwa anaumwa hata akitembea. Mwishoni alikuwa anaumwa hata usiku akiwa amelala. Tarehe 8 Septemba alikimbia, akamaliza, tukampigia makofi. Siku iliyofuata hakuweza kukanyaga chini.

Alipopelekwa hospitali na kupigwa picha, mfupa wa ugoko ulionekana una ufa. Mfupa ukipigwapigwa kila siku bila kupumzishwa, unaweza kupata ufa hata kama mtu hakuanguka. Aliambiwa asikanyagie mguu ule kwa wiki nyingi. Mvua zikaja. Majirani walilima. Yeye alikaa barazani na gongo, anatazama. Shamba lake la ekari mbili lilipandwa nusu ekari tu, na waliopanda ni watoto. Ninyi mnajua maana ya nusu ekari katika nyumba yenye watoto watano.

Nilimwomba radhi nyumbani kwake. Leo namwomba tena mbele yenu.

Kwa hiyo jifunzeni kutofautisha. Maumivu ya kawaida yako pande zote mbili, kulia na kushoto. Yameenea kwenye nyama ya msuli. Ukianza kutembea yanalegea. Na kila siku yanapungua.

Maumivu mabaya ni ya namna nyingine. Yakikupata, acha mbio uende zahanati:

1. Maumivu yako mahali pamoja, unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, hasa kwenye mfupa.

2. Maumivu yako ndani ya goti au kifundo cha mguu, na kiungo kimevimba.

3. Ulisikia kitu kinakatika, au mguu hauwezi kubeba uzito wako.

4. Shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma, na la pili ni zima.

5. Maumivu yanaongezeka kila siku badala ya kupungua, au yamepita siku saba.

6. Misuli inauma vikali na imelegea haina nguvu, na mkojo umekuwa na rangi ya chai iliyokolea. Hii ni hatari. Maana yake msuli umeharibika sana, na uchafu wake unaweza kuziba figo. Nenda siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Na kama kifua kinabana au kinauma, pumzi inakata, au kichwa kinazunguka, simama mara moja na uombe msaada.

Wenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na mama wajawazito, wapite kwanza zahanati kabla ya kuanza. Kufanya hivyo si woga.

HABARI YA AKHWARI

Vijana watasema, "Mbona John Stephen Akhwari alikimbia ameumia?" Ni kweli. Mwaka 1968, katika michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwana wa Mbulu huyu alianguka katikati ya mbio ndefu za marathoni, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari alifika zaidi ya saa moja baadaye, jua limekwisha kuzama, anachechemea. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma akamalize mbio, si kuzianza tu.

Tunamheshimu sana. Lakini tuelewane. Akhwari alikuwa mkimbiaji aliyefanya mazoezi kwa miaka, na ile ilikuwa siku moja katika maisha yake. Yule mama wetu alikimbia juu ya mguu mbovu kwa wiki nyingi, na nyumbani anangojwa na shamba. Tumwige Akhwari kwa kutimiza ahadi. Ahadi yetu sisi ni kufika tarehe 8 Septemba tukiwa wazima, na kushika jembe mvua zikija.

MWAKA HUU TUTAFANYAJE?

Tutakimbia siku tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Siku za katikati mwili unajitengeneza.

Tutakimbia hapa uwanjani, mahali tambarare penye majani. Mlima tutauacha mpaka mwezi wa pili wa mazoezi, na tutaanza kwa kuupanda. Kuushuka tutashuka kwa kutembea.

Tutaanza kwa kutembea dakika tano ili misuli ipate joto. Kisha tutakimbia dakika moja na kutembea dakika mbili. Tutarudia hivyo mara sita. Jumla yake ni dakika 18, na kati ya hizo kukimbia ni dakika sita tu. Mtaona ni kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Kila wiki tutaongeza kidogo, na atakayeumwa atabaki pale alipo mpaka apone.

Tutakimbia kwa mwendo wa mazungumzo. Kama huwezi kusema sentensi nzima na jirani yako, umezidisha. Punguza. Mwenda pole hajikwai.

Kandambili hazifai kwa mbio. Vaa raba inayokukaa vizuri. Kama huna raba na umezoea kwenda pekupeku, kimbia kwenye majani, masafa mafupi, na tuokote kwanza mawe na miiba. Akina mama, vaeni nguo isiyobana wala kuwakwaza. Hakuna atakayechekwa hapa.

Na wale wanaouliza mkulima ana haja gani ya kukimbia, nawajibu hivi. Anayelima kutwa amekwisha fanya mazoezi. Lakini wengi wetu siku hizi tunakaa dukani, mashineni, au juu ya pikipiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili walau dakika 150 kwa wiki kwa kazi ya wastani, au dakika 75 kwa kazi nzito. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1973 iliyoitwa "Mtu ni Afya." Walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Nasi tufanye vivyo hivyo: tujue kwanza, ndipo tutende.

DAFTARI LA MBIO

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Kila mmoja atakuwa na daftari. Ninyi mnajua kusoma na kuandika. Mwaka jana kalamu zilikaa nyumbani, na mimi sikuwaambia mzitumie.

Kila jioni utaandika mstari mmoja: siku, umefanya nini, panauma wapi, na panauma kiasi gani. Kiasi utakiandika kwa namba, kuanzia 0 mpaka 10. Sifuri ni kutoumwa kabisa. Kumi ni maumivu yasiyovumilika. Kwa mfano:

Jumatatu: nimekimbia dakika 6. Siumwi. 0.
Jumanne: nimepumzika. Mapaja yote mawili. 4.
Jumatano: nimetembea tu. Mapaja yote mawili. 5.
Alhamisi: nimepumzika. Mapaja. 2.
Ijumaa: nimepumzika. 0.

Someni namba hizo. Zimepanda, kisha zimeshuka. Huyo ni mzima. Jumamosi aje tukimbie.

Lakini kama daftari linasema 2, wiki ijayo 3, halafu 5, halafu 6, na kila mara ni ugoko wa kushoto, basi hata mwalimu akikwambia "Utazoea," usimkubalie. Mfungulie daftari lako asome.

Nilimwonyesha yule mama mfano huu jana. Aliutazama sana. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi ningejua kufikia wiki ya pili." Mguu wake umepona. Mganga wa hospitali amemruhusu aanze polepole. Yeye ndiye nimemwomba awe mtunza madaftari yetu mwaka huu, naye amekubali. Kila Jumamosi atayapitia yote. Akimwambia mtu akae pembeni, atakaa, hata kama ni Mwenyekiti. Hata kama ni mimi.

 Sasa tusimame. Tunaanza kwa kutembea.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Maumivu ya kulima siku ya kwanza na maumivu ya kukimbia siku ya kwanza yanafanana kwa njia gani?

2. Taja dalili tatu zinazomtaka mtu aache mbio na kwenda zahanati.

3. Kwa nini si vizuri kumeza vidonge vya maumivu ili uweze kukimbia?

4. Katika kijiji chenu ni mahali gani tambarare panapofaa kuanzia mazoezi? Nani atatunza madaftari?